Mawindo ya Kalamu

Mgeni anayetaka kuwinda wapiti, kulungu mkubwa, magharibi mwa Marekani huanza na kalenda na fomu, na ni busara, kwani fomu haikimbii. Kila jimbo lina tarehe yake, ada yake na bahati nasibu yake ya vibali. Arizona humtaka anunue kwanza leseni ya kuwinda. Akikosa kibali, leseni humbakia, kumbukumbu nzuri ya safari ambayo hakwenda. Nevada humpa aliyekosa pointi za kuongeza bahati, kisha huzizidisha kwa zenyewe, 10 zikawa 100, hivyo hesabu hunoleka kuliko shabaha. New Mexico haina pointi kabisa, ili mkongwe na aliyeanza jana waambulie patupu kwa usawa. Wyoming huuza pointi tupu, bila mnyama, na wateja hawakosekani. Anayemtaka kondoo-mwitu wa pembe kubwa badala ya wapiti husubiri hata miaka 20. Kibali kikitoka, subira imekomaa, magoti pia.