Hekima ya Tairi Kipara

Tairi za drifti, yaani kutelezesha gari makusudi, huchaguliwa kwa hekima ambayo mafundi wa gereji hawajajaliwa. Katika mchezo wa video wa Gran Turismo, mchezaji huzidharau tairi laini za mashindano zinazong'ang'ania lami, akachukua zile ziitwazo Comfort Hard, zenye mshiko hafifu, kisha huzima uchakavu ili zidumu milele. Barabarani uchakavu umekataa kuzimwa; hivyo mshahara hununua jozi mpya ya nyuma, ikageuzwa moshi kabla ya chai. Za mbele, ambazo kazi yake ni ndogo tu, kuelekeza gari, hubaki vipara. Wajapani, wenye sanaa hii, walianzisha mashindano ya drifti ya D1 Grand Prix viwanjani mwaka 2001, labda kwa kukosa mizunguko ya barabarani kama yetu, yenye vituo vya daladala. Usukani wa gari halisi bado hauna kitufe cha kuanza upya, watengenezaji wahimizwe.