Mbuzi Mwenye Meno Makali

Ukitaka jambo lolote life katika nchi hii, liundie kamati. Sisi tulikuwa wanaume watano, na tulichokitaka kilikuwa kidogo mno: Jumamosi moja ya Desemba twende Ntalikwa, kwenye mji alioacha marehemu baba yangu, tukae uani chini ya mwembe, tupike wenyewe, tule, tusikilize muziki wa zamani wa Tabora, jioni turudi mjini. Hapakuwa na harusi wala kipaimara, wala mtoto wa mtu hakuwa amefaulu mtihani. Hata hivyo, ilipofika Jumatatu kundi letu la WhatsApp lilikuwa tayari lina mwenyekiti, ambaye ni mimi, lina katibu, mhazini, mkuu wa muziki na mlezi. Mmenya vitunguu hakuwepo.

Wazee wetu wangetucheka. Neno nyapara limetoka huku huku kwetu Unyamwezi. Katika misafara ya karne ya 19, ile iliyopanda kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea mpaka Ujiji, wanyapara walikuwa wachache na wapagazi mamia. Mpagazi mmoja alitwishwa frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30, na kijana ambaye hajafika pwani akarudi hakuhesabiwa mtu mzima. Sisi wajukuu wao tumeupindua msafara: wanyapara watano, hakuna mpagazi hata mmoja.

Mwenyekiti niligawa majukumu kwa maandishi, maana bila maandishi Shemeji, mhazini wetu, hatoi hata shilingi. Nikaandika: "Shemeji, mchele na mkaa. Fundi, muziki. Mlezi, baraka. Mtani, mbuzi." Mtani ni Mzaramo aliyekuja Tabora kikazi, akaoa, akasahau kurudi. Akajibu papo hapo: "Mbuzi niachieni mimi, gharama zote zangu." Kwa siku tatu tulimsifu kwa ukarimu. Alhamisi akatuletea taarifa: "Mbuzi tayari. Meno makali. Mguu mmoja ulikuwa umelegea, nimeupiga msumari."

Tulicheka mpaka machozi. Wanyamwezi na Wazaramo wamekuwa wakitaniana tangu wapagazi wetu walipokuwa wakishuka pwani wamechoka, wana vumbi na njaa, na Mzaramo yuko mlangoni anawatazama. Maneno ya Mtani hayapimwi kwa mizani. Mlezi, mwalimu mstaafu wa historia, akaandika kwa upole: "Usimchoshe njiani, nyama itakuwa ngumu." Mtani akajibu kwa kidole gumba.

Jumamosi saa 3 asubuhi, muda tuliokubaliana, nilikuwa uani peke yangu na mpwa wangu anayeutunza ule mji. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Ntalikwa ni kata ya Manispaa ya Tabora, lakini mvua ikishanyesha manispaa inabaki mjini na wewe unabaki na tope. Mpwa wangu alikuwa amejiandaa kuliko kamati nzima: amekata majani ya kumlisha mbuzi, amepigilia kigingi cha kumfungia, amenoa kisu hadi kinang'aa. "Mwangaluka, mjomba," akaniamkia. "Mbuzi anakuja saa ngapi?" Nikamwambia yuko njiani.

Saa 4 Shemeji na Mlezi wakafika. Shemeji alikuwa ameokoa fedha za umma: mkaa wa bei nafuu, uliokuwa nafuu kwa sababu ulilala nje na mvua. Tuliuwasha. Ukatoa moshi. Tukaupepea kwa mfuniko wa sufuria, tukaupuliza kwa zamu, tukaulisha karatasi, na kila tulipoinama mwembe ukatuangushia embe mgongoni. Wenyeji husimulia kwamba maembe ya Tabora yalikuja na misafara, watu wakala njiani na kutupa kokwa. Asubuhi ile niliamini kwamba miti hiyo bado ina kinyongo na watu wanaosafiri bila mpango.

Ikafika saa 6. Fundi hayupo, Mtani hayupo, mbuzi hayupo. Mlezi akaona atufariji kwa somo. "Pale Kwihara, hapo jirani tu," akasema, "Livingstone alikaa tangu Machi hadi Agosti 1872, anawangoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Na hakuwa na WhatsApp." Shemeji akauliza huyo Livingstone alikuwa anakula nini wakati wote huo. Mlezi akasema somo limekwisha.

Mtani alitokea saa 7 kasoro, suruali imekunjwa hadi magotini, gunia begani, uso umejaa ushindi. Mpwa wangu akachungulia nyuma yake njiani. Njia ilikuwa tupu.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Huyu hapa," akasema Mtani, akatua gunia na kulifungua.

Akatoa kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma, na ncha ya ulimi ina meno. Meno makali, hakusema uongo. Mguu mmoja ulikuwa na msumari mpya. Ilikuwa ni mbuzi ya kukunia nazi.

Nimewahi kuhudhuria misiba yenye kelele kuliko ukimya uliotanda pale. Mpwa wangu alitazama kisu chake, akatazama majani, akatutazama sisi.

"Mwenyekiti aliandika mbuzi," Mtani akajitetea. "Kwetu mtu akikuambia mchele, mkaa na mbuzi, anataka wali wa nazi. Na nazi nimeleta mbili, zimetoka Dar kwa treni, mzigo wa mkwe wangu." Shemeji akazipasua. Ya kwanza ilitoa harufu iliyomrudisha hatua tatu. Ya pili ilimrudisha hadi kwenye mwembe, embe likamwangukia. Sasa tulikuwa na mbuzi asiye na nyama, tena asiye na nazi. Mlezi akapendekeza tuunde kamati ndogo ya kuchunguza. Hakuna aliyeunga mkono hoja.

Fundi aliingia saa 8 kwa pikipiki, amepakia amplifaya, betri ya gari, na spika ya honi, ile yenye mdomo kama ua la boga. Amplifaya yake mwenyewe ilikuwa imeungua usiku akiijaribu, kwa hiyo ameazima ya mfanyabiashara mmoja wa mnadani. "Mashine ya kazi hii," akasema huku akiifungia honi kwenye tawi la mwembe. "Inasikika hadi ng'ambo ya bonde." Alisema kama sifa. Ilikuwa onyo.

Akachomeka flashi, na kwa mara ya kwanza siku ile jambo likaenda kama tulivyoliota. Magitaa yakaingia. Miaka ya 60 na 70 mji huu mmoja ulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, una Nyanyembe Jazz, una Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, ambako Shem Karenga aliimba baada ya kutoka Kigoma. Bendi tatu katika mji wa reli na asali! Kupitia ile honi besi ilisikika kama mbu ndani ya kopo, lakini gitaa la solo lilitoka safi. Mlezi akafumba macho. Mtani akaanza kucheza taratibu, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Shemeji akafunua sufuria, akachota kijiko cha wali, ambao ulikuwa mbichi kwa juu na umeungua kwa chini, akautia mdomoni.

Wimbo ukaisha. Honi ikakohoa, kisha sauti ya mtu mwenye haraka ikajaza anga lote la Ntalikwa:

"Dawa ya panya! Dawa ya mende! Dawa ya kunguni! Panya akila hana kwao! Akila hana kwao! Jero tu, jero tu!"

Shemeji aliacha kutafuna.

Ndani ya amplifaya kulikuwa na kadi ya mwenye mali, na mashine ilikuwa imezoeshwa: kila wimbo ukiisha, inarudi kazini kwake. Kitufe cha kuzimia kilikuwa kimezibwa kwa gundi ili watoto wa mnadani wasikichezee. Fundi akagonga, akabonyeza, akabembeleza. Honi ikaendelea kutangaza kifo cha panya bonde zima, kisha ikapiga Nyanyembe Jazz, kisha ikarudi kwa kunguni.

Watoto ndio waliofika kwanza. Nyuma yao akaja mama mmoja aliyetaka ya mende, na mzee mwenye baiskeli aliyeuliza kama tuna ya kupe. Halafu akaja bibi mmoja, jirani wa marehemu baba, umri wake umeshapita sabini, anafungua fundo la khanga polepole kutafuta sarafu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Panya wananimalizia karanga za mbegu. Nipe mbili."

Nikamweleza kwamba hatuuzi dawa, sisi ni marafiki tumekuja kustarehe, na mimi ni mwenyekiti.

"Mwenyekiti wa nini?"

"Wa kamati, bibi."

"Kamati ya panya?"

Akapita katikati yetu kukagua. Akafunua sufuria, akafunika haraka. Akatazama mkaa unaotoa machozi. Akamzunguka mbuzi wa Mtani mara mbili. "Wanaume wazima watano," akasema, "mna moshi, mna wali uliokufa, na mna kigoda chenye ulimi." Kisha akaondoka bila kuaga, na tukajua tumedharauliwa.

Alirudi baada ya robo saa, ungo wa karanga kichwani, kuni kavu kwapani, na mkononi furushi la nsansa, yale majani ya kunde yaliyochemshwa na kukaushwa ambayo mtu yeyote aliyelelewa Tabora akiyanusa anakumbuka jikoni kwa mama yake. Kukiwa na wanyapara watano wenye afya chini ya mwembe, mpagazi pekee aliyetokea siku nzima alikuwa na miaka sabini na kitu. Aibu ilitushika wote kwa pamoja, na aibu ikifika jikoni huwa na manufaa. Mhazini akasugua sufuria. Mlezi akamenya vitunguu na kulia kwa heshima zake zote. Watoto waliokuja kushangaa honi walikimbia kwao wakarudi na uyoga wa msituni, ule unaochomoza mvua zikianza. Mimi nikatwanga karanga. Mtani alitaka kutoa ushauri kuhusu nazi, bibi akamtazama, akachukua mchi wa pili.

Wali mpya ukaiva, nsansa ikaungwa kwa karanga, na uyoga ukapata sufuria yake. Nyama haikuwepo, na hadi leo sijamsikia mtu aliyeilalamikia isipokuwa mpwa wangu, kwa ajili ya kisu chake. Tulikula kwenye masinia, sisi na wateja wetu wa dawa, honi juu yetu. Bibi alipolisikia gitaa fulani akanyamaza na tonge mkononi. Akasema enzi za usichana wake walikuwa wanatembea kwa miguu kutoka huku hadi mjini kufuata dansi, viatu wameshika mkononi, wanavivaa mlangoni mwa ukumbi. Akamtazama Mtani, ambaye viatu vyake bado vilikuwa mkononi. "Wewe ulichelewa tu kuzaliwa," akamwambia, na hilo ndilo neno zuri pekee alilopata Mtani siku ile.

Akainuka akacheza. Tukainuka sote. Kila wimbo ulipoisha, yule mtu mwenye haraka aliingia, na kufikia wimbo wa nne watoto walikuwa wamemkariri, honi ikisema "panya akila", ua mzima unaitikia "hana kwao!" na miguu inaendelea bila kukosa hatua. Nimehudhuria harusi zenye ma-DJ wa gharama, wala sijaona watu wakiitikia namna ile.

Jioni bajaji tuliyokodi ikapiga simu: haivuki tope, inatusubiri barabarani. Pikipiki ya Fundi nayo ilikuwa imezama hadi katikati ya gurudumu. Basi tukajitwisha. Shemeji alibeba masufuria, Mlezi honi, Mtani amplifaya, Fundi akakokota pikipiki yake. Mwenyekiti nikapewa betri. Nikaiweka kichwani juu ya kata ya majani, yale yale yaliyokatwa kwa ajili ya mbuzi. Ilikuwa kama kilo 15, karibu frasila moja. Nusu ya mzigo wa babu yangu, na nilipumzika mara nne kabla ya kufika barabarani. Mbele yetu alitangulia bibi na kurunzi ndogo, kama kirangozi wa msafara, anatuonyesha penye kukanyagika.

Tulipofika penye njia ya kwake akasimama. Enzi za misafara Wagogo walikuwa wakiutoza kila msafara hongo kabla ya kuuruhusu upite kwao. Bibi akanyoosha mkono kwa Mtani, aliyekuwa amelifunga gunia mgongoni. "Huyo niachie," akasema. Mtani akamfungua mbuzi wake, akamkabidhi bila neno.

Mwezi uliofuata nilipita Ntalikwa kuangalia mji. Bibi alikuwa uani kwake, amekaa juu ya yule mbuzi, ulimi wa chuma umetokeza kati ya magoti, anabangua karanga za mbegu. Nikamwamkia, nikamuuliza wanaendeleaje yeye na mbuzi.

"Huyu ndiye mbuzi," akasema, akipapasa ule mguu wenye msumari. "Hali mahindi ya jirani, hatoroki, wala panya hamsogelei. Mwambie Mzaramo aniletee dume."