Bi Harusi wa Kijani

Kuna rangi ambazo macho huzisamehe lakini mkanda wa kamera hauzisamehe. Asubuhi ya Juni hapa Mbeya, mawingu yakiwa yamelalia mlima Loleza, kila kitu ni bluu. Jioni sebuleni, chini ya balbu, watu wote ni wa chungwa. Ukumbini, chini ya taa za tyubu, ni wa kijani. Ubongo huliona shati jeupe kuwa jeupe popote pale. Mkanda hauna adabu hiyo. Mikanda mingi imetengenezwa kwa mwanga wa mchana, Kelvini 5,500, na taa nyingine zote huzisengenya.

Ndiyo maana natembea na filta. 80A ni ya bluu, hufuta uchungwa wa balbu, ila hunywa mwanga: mkanda wa 400 unakuwa kama wa 100, na wageni wanaambiwa watulie mpaka tabasamu linachacha. 81A, nyepesi kama chai ya rangi iliyozidi maji, huipa joto picha ya kivulini. FL-D, ya urujuani, ni dawa ya tyubu. Hizo 80 na 81 hadi leo huitwa namba za Wratten, Mwingereza ambaye kampuni yake ilinunuliwa na Kodak mwaka 1912. Sidhani kama aliwahi kualikwa kwenye sendofu ya Mwanjelwa.

Mimi nilialikwa. Mama mzazi alikataza flashi: “Baba, inamfumbisha macho mwanangu.” Sawa, mama. Nikafunga FL-D, nikasubiri mlangoni kwenye baridi ya Julai. Msafara ulipoanza kuingia, joto la watu mia kadhaa likakikuta kile kioo cha baridi, kikajaa jasho. Ikabidi nikivue, na maarusi hawasubiri mtu afute kioo. Picha zote za kuingia: kijani.

Nikakirudisha, kikakwama. Hapo hapo MC akaamuru tyubu zizimwe ili keki ionekane, zikabaki balbu za mapambo. Urujuani juu ya uchungwa ni wekundu. Shangazi alipoziona picha za keki baadaye aliuliza, “Fundi, mbona mwanetu alikasirikia keki?”

Mkanda huo niliusafishia Iringa, pamoja na mwingine wa mzee mmoja niliyempiga picha kivulini, kwenye mwamba wa Gangilonga. Huyo nilimvalishia 81A kwa makusudi, apate joto kidogo usoni. Mashine ya kusafishia hupima wastani wa rangi na kuondoa iliyozidi, na kijana wa dukani alinikabidhi mzee wa bluu kwa furaha. “Kaka, mkanda wako ulikuwa na umanjano, nimekuondolea. Wala sijakuongezea bei.” Nilimshukuru, ningefanyaje? Kijani cha sendofu sasa, ambacho ndicho nilitaka kiondolewe, mashine ilikiacha. Kuta zilipambwa kwa zambarau, zikasawazishana na kijani cha nyuso, na kwa hesabu za mashine ukumbi ulikuwa salama.

Nikarudi Mbeya na bahasha, nimejiandaa kwa maneno. Baba mzazi, mtu wa Yanga tangu ujana, aliitazama ile ya kijani kwa muda mrefu, akaagiza ikuzwe itundikwe sebuleni. Bwana harusi ni Simba. Yeye akachukua ya keki, nyekundu, kubwa kuliko ya mkwewe. Moja tu ilitoka na rangi zake halali, ya maarusi nje kwenye jua la saa nane, na hiyo hawajaiulizia mpaka leo.