Semina ya Kupunguza Upotevu

Ofisi moja Kisumu imewapeleka wafanyakazi hotelini wakafundwe falsafa ya Toyota: kazi isiyomfaa mteja ing'olewe. Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni hiyo, alitaja aina saba za upotevu, kusubiri ikiwamo. Somo la saa tatu likaanza saa tano; mgeni rasmi alikuwa njiani.

Kule Obunga, mtaa wa Kisumu hiyo hiyo, akina mama wanakaanga mgongo wazi, mifupa ya samaki aina ya mbuta iliyobaki baada ya viwanda kunyofoa minofu ya kuuza ng'ambo. Kichwa kina mnunuzi, mkia una mnunuzi, hakitupwi kitu. Cheti hawana. Vyeti wanavyo waliorudi ofisini kujaza fomu, nakala tatu tatu, kuthibitisha kwamba wamejua kupunguza makaratasi.