Heko, Laptopu ya Wapangaji Wawili

Wengine wasifie bahari na mbalamwezi. Mimi naisifu skrini nyeusi yenye maandishi meupe inayonilaki kila nikiwasha laptopu: juu Ubuntu, chini yake Windows, na pembeni sekunde zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka 10. Bawabu huyo anaitwa GRUB. Hana rangi wala mlio wa kukaribisha wageni. Lakini katika sekunde hizo 10 napewa hiari ambayo mwenye kompyuta ya mfumo endeshi mmoja hajawahi kuionja, nayo ni kuamua leo nikose nini.

Maana ndicho kinachoamuliwa pale. Nikiingia Ubuntu nimeikosa printa na ile programu ya mahesabu. Nikiingia Windows nimelikosa faili nililoandika jana usiku. Ninachokihitaji kiko upande wa pili siku zote, na kwenda huko ni kuzima, kuwasha na kusubiri. Mke wangu, ambaye simu yake sidhani kama imewahi kuzimwa tangu ainunue, aliwahi kuniuliza faida yake ni nini. Nikamwambia ni uhuru. Akaenda kukoroga uji.

Aliyepanga vyumba uswahilini ataielewa diski yangu upesi. Windows alitangulia kuingia, akalala katikati ya nyumba kama ameijenga yeye. Ilibidi nimbane kidogokidogo, nimege kipande cha diski, ndipo Linux aletwe na virago vyake kwenye flashi. Kila mmoja ana chumba chake, ila korido ni moja: kipande kidogo, mara nyingi cha MB 100 tu, ambamo wote wawili huacha viatu vyao vya kuwashia mashine. Na adabu zao! Windows ukimwambia azime, mara nyingi hazimi kweli. Anajinyoosha tu, amelala na ufunguo mkononi, ili kesho aamke haraka. Linux akibisha hodi kwenye chumba hicho anaruhusiwa kutazama, asiguse kitu: kusoma ruksa, kuandika marufuku. Naye Windows, ukimchomekea diski ya nje iliyoandaliwa kwa utaratibu wa Linux, hakuti humo chochote anachokitambua, basi anakuuliza kwa upole kama ungependa aifomati. Jirani gani mwingine hukuomba ruhusa kabla ya kukuteketezea mali?

Lakini zawadi inayozipita zote ni saa.

Ndani ya kompyuta mna kasaa kadogo kanakotembea kwa betri hata umeme ukikatika. Windows hukasoma kama saa ya hapa tulipo. Linux, kwa kawaida yake, hukasoma kama saa ya dunia, ile ya Greenwich. Kati yetu na Greenwich pana saa 3. Mwenzetu wa London majira ya baridi anaweza kuzeeka na laptopu ya namna hii asijue lolote, maana kwake saa zote mbili ni moja. Neema hii tumewekewa sisi.

Asubuhi moja nilikuwa na mkutano wa video na mteja, saa tano kamili. Nilikuwa nimekesha Ubuntu, nikazima, nikafungua Windows bila bando. Kona ya skrini ikaandika 8:05. Mswahili akiona 8 husoma mbili, nami nikasoma mbili na dakika tano, nikashukuru, nikatoka kununua vitumbua. Nilikuwa mtu wa tatu kwenye foleni simu ilipoita.

"Mwalimu, tunakusubiri wewe tu."

"Mbona bado mapema?"

"Kwa saa ya wapi?"

Hapo ndipo nilipotambua utajiri wangu. Skrini imeandika nane, mimi nimesoma mbili, na ukweli ni tano. Karne nyingi zimepita, lakini ni wangapi waliowahi kuishi ndani ya saa tatu kwa mpigo, huku wameshika karatasi ya vitumbua? Na siku nyingine mambo hugeuka: Windows akiwa ndiye aliyekirekebisha kile kisaa, Ubuntu huamka akiwa mbele saa 3, na mchana wangu umeisha kabla sijanywa chai. Ipo amri ya mstari mmoja tu inayowapatanisha. Ninaijua. Nitaiandika siku nitakayokuwa na haraka.

Kuhusu bando sitasema mengi. Windows anayefunguliwa mara moja kwa mwezi ni kama mgeni aliyefunga siku thelathini: akiuona mtandao anakula masasisho yote aliyoyakosa, halafu ananiomba nisimzime. Na masasisho nayo yana visa. Mwezi Agosti 2024 Microsoft ilitoa moja la kuimarisha usalama wakati wa kuwasha, na ilikusudia lisiziguse kompyuta zenye mifumo miwili. Lakini lilizigusa: watu wengi waliamka wakakuta Linux hawaki, na skrini inawaarifu kuwa jambo fulani limeharibika vibaya sana. Ni programu ngapi husema ukweli waziwazi hivyo?

Sifa hizi nimeziandika Ubuntu. Sasa nataka kuzichapa, na printa, kama nilivyosema, iko kwa Windows. Nimeanzisha upya mashine, nikaenda jikoni mara moja kumimina chai. Nimerudi. Sekunde 10 zimekwisha zamani, bawabu amechoka kunisubiri akanichagulia mwenyewe mlango wa kwanza, na Ubuntu ananiomba nywila kana kwamba sikuondoka. Kona ya skrini inasema saa kumi alasiri. Jua liko utosini.