Gari Dogo, Ukoo Mkubwa

Mtu akikwambia gari fulani linakwenda kilomita 35 kwa lita moja, muulize kwanza lilikuwa limebeba nani.

Toyota Aqua ilipozinduliwa Japani mwishoni mwa 2011, iliandikiwa kilomita 35.4 kwa lita. Hapa Burnt Forest nambari hiyo hutajwa kwa heshima ya aya ya Biblia. Mimi nikaifuatilia ilikotoka. Kumbe gari liliwekwa ndani ya jengo, juu ya vyuma vinavyozunguka, likaendeshwa kwa wastani wa kilomita 24 kwa saa, na kasi ya juu haikuvuka 82. Mlima haukuwepo. Ukungu haukuwepo. Shangazi hakuwa kiti cha nyuma na mtungi wa maziwa katikati ya magoti, wala binamu hakuomba lifti ya "hapo tu Cheptiret". Kwa kipimo cha namna hiyo hata mimi nitaonekana mtu asiyekula ugali.

Nayasema haya kwa sababu nimeamua kununua gari. Mwalimu wa shule ya msingi hanunui gari kwa siri. Mkopo wa sacco unataka wadhamini, na wadhamini wana midomo. Masharti yangu yalikuwa machache: liwe dogo, linywe kidogo, lisitoe moshi mwingi, na liwe jipya. Kabla ya karatasi za mkopo kukauka wino, kila mtu kuanzia kwa muuza viazi hadi kwa mzee wa kanisa alikuwa na maoni, na hakuna aliyechangia hata bei ya wipa.

Hapo kwenye "jipya" tuelewane. Gari jipya kwetu ni lile ambalo Mjapani amelichoka. Sheria inalitaka lisizidi miaka 8 tangu lilipoandikishwa kwa mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Likishuka Mombasa na kupewa namba inayoanza na KD, basi ni jipya, na jirani atakuja kulipapasa. Jipya la kweli, lenye sifuri kwenye mita, hilo ni la wizara. Najua pale Thika walianza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo mwaka 2016, nikaenda kuuliza bei, nikapewa kiti nikae. Najua pia kwamba mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Mkenya, hata likiwa baya, hata likiwa la mwendo wa pole. Nyayo Pioneer ikaonyeshwa hadharani mwaka 1990. Baya na la pole ndilo hasa ninalotafuta, lakini halikuwahi kufika dukani.

Basi nikarudi kwa Mjapani, na huko nikakutana na serikali imekaa mlangoni. Chukua gari la shilingi 100, kurahisisha hesabu. Ushuru wa forodha asilimia 35: imekuwa 135. Juu ya hiyo, ushuru wa bidhaa asilimia 20, kwa kuwa injini haizidi sisi 1500: 162. Juu ya hiyo tena VAT asilimia 16: 187 na senti 92. Hapo hujalipa ada ya kutangaza mzigo wala ada ya reli, na reli yenyewe haijanibeba. Ningetaka gari la mwalimu mkuu, lenye injini inayozidi 1500, hiyo asilimia 20 ingekuwa 25. Kwa hiyo udogo una thawabu yake: asilimia 5.

Dalali mmoja wa yadi kule Eldoret akanikabidhi Vitz ya injini ya sisi 996, mitungi mitatu, nikaijaribu. Nilipowasha, mwanamke akaniambia jambo kwa Kijapani. Nikazima, nikawasha tena, akarudia. Dalali akasema huyo analalamika kwamba sijachomeka kadi ya kulipia barabara za Tokyo, na kwamba nitamzoea. Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na kibandiko chenye nyota 4, maana yake uchafu wa moshi umeteremka asilimia 75 chini ya kiwango cha Japani cha 2005. Vibandiko hivi vimejaa Kenya nzima, hata kwenye magari yanayofuka moshi mithili ya jiko la kuni mbichi. Muulize fundi wako kama kile kikopo cha kusafishia moshi bado kiko chini ya gari. Wengi hukitoa wakakiuza, kwa kuwa ndani yake mna madini ya thamani, halafu mwenye gari anasifu jinsi linavyonguruma siku hizi.

Mke wangu akakaa mbele. Nyuma wakajipakia shemeji yangu, mdogo wake, na mama mmoja wa kanisa ambaye hadi leo sijui aliingia saa ngapi. Tukaipeleka upande wa Timboroa.

Sasa, mtu wa Mombasa huenda asijue. Burnt Forest iko juu takriban mita 2,400, na ukielekea Timboroa unazidi kupanda. Stesheni yao ya reli iko mita 2,740. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu robo ya nguvu zake. Vitz hiyo iliandikiwa nguvu za farasi 69. Farasi 17 hivi walikuwa wameshuka njiani, pengine Nakuru, wakaniachia 52 wa kubeba watu watano, kreti ya soda ya kanisa na lawama. Kwenye mwinuko nikakanyaga mafuta mpaka chini. Sauti ikaongezeka. Kasi ikabaki pale pale. Lori la magogo likatupita, utingo wake akatupungia mkono kwa huruma.

"Baba watoto," mke wangu akasema kwa upole, "tushuke tutembee kidogo?"

Njiani kurudi tukakuta ng'ombe barabarani. Nikasimama, injini ikajizima yenyewe. Gari zima likanyamaza. Mama wa kanisa akaanza kuomba. Kumbe ndiyo akili ya kuokoa mafuta: ukikanyaga breki ukasimama inajizima, ukiachia inajiwasha. Nikaeleza. Shemeji akasema hajawahi kuona gari linalochoka kusubiri.

Nilimpelekea fundi wangu hoja ya Aqua, kwa kuwa hizo za mafuta na betri ndizo zenye sifa. Alijifuta mikono na kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Mwalimu, betri yake iko chini ya kiti cha nyuma, na hapo kando kuna katundu ka kuvuta hewa ya kuipoza. Wewe utawekea nini kiti cha nyuma?"

"Watu."

"Na wakishuka?"

Nikanyamaza. Wakishuka ni viazi. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, lakini lumbesa, lile gunia lenye kilemba, haijasikia habari hizo, na vumbi la udongo wetu hupenya kitundu chochote kile. Fundi alinitazama kama daktari aliyekwisha soma matokeo.

Kijana wangu wa sekondari akaniambia ninunue la umeme. Hoja yake ni safi. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua, kwa hiyo gari kama hilo moshi wake ni mdogo kweli, na tarehe 14 ya kila mwezi, EPRA inapotangaza bei za mafuta, ningekuwa nimelala. Mwaka 2023 petroli ilipofika shilingi 217 na senti 36 jijini Nairobi, wenye magari huku walikuwa wanateremka Cheptiret gia ikiwa huru. Lakini huku kwetu wingu likikohoa tu, stima inapotea. Nitaenda shule na nini, na mshumaa?

Wapo walioniambia niache ubishi ninunue Probox. Huyo ndiye mfalme wa barabara zetu za ndani, na nimemfanyia hesabu yake. Tuseme inakwenda kilomita 12 kwa lita ikiwa na watu 8. Kila lita imesafirisha mtu jumla ya kilomita 96. Aqua ya dereva mmoja, hata tukiamini ile 35.4, imesafirisha mtu kilomita 35.4. Kwa hiyo gari linalochafua hewa kidogo kuliko yote Uasin Gishu, ukigawanya kwa vichwa, ni Probox iliyokaa magoti kwa magoti na kuku chini ya kiti. Askari wa trafiki hawaitambui hesabu hii. Nami siwezi kuwa na Probox, kwa sababu mwenye Probox si mwenye gari. Ni mtumishi wa umma asiye na mshahara. Atapigiwa simu usiku wa manane kupeleka mjamzito, alfajiri kupeleka maziwa, Jumamosi kubeba viti vya matanga.

Nimelipa amana ya Vitz. Najua haivuti, na najua jina lenyewe limekwisha: Japani waliligeuza Yaris mwaka 2020, kwa hiyo kwa sheria ya miaka 8 ilivyo, Vitz za mwisho zitashuka Mombasa 2027. Lakini udogo wake ndio ukuta wangu. Ndugu na majirani mnaosoma gazeti hili, taarifa ni hii: gari lina viti 5, vinne kati ya hivyo ni vya nyumba yangu. Buti linameza gunia moja la kilo 50, la kisheria, bila kilemba. Timboroa siendi. Mwenye matanga amtafute mwenye Probox.