Abane Mwenzangu

Sijaona nyumba inayokataa kubana matumizi. Waulize watu wa mtaa wowote hapa Kihonda, kuanzia Bima hadi Magorofani, watakwambia maisha yamepanda, lazima tujibane. Ugomvi huanza pale panapoulizwa: matumizi ya nani? Mume anajua kabisa kwamba nyumba inafilisiwa na vitenge. Mke anajua inafilisiwa na king'amuzi cha mpira. Watoto wanajua kwamba wazazi wangeacha kuchangia harusi za watu wasiowajua, bando lingepatikana. Bibi yao, yaani mama yangu mzazi tunayeishi naye, anajua kwamba sisi sote tunapikia mafuta mengi mno. Kwa hiyo makubaliano yapo, tena bila kura ya hapana: abane mwenzangu.

Kwetu jambo lilianzia kwenye hati ya mshahara. Mume wangu ni mwalimu, na utaratibu unataka mtumishi wa serikali, hata akiwa na mikopo ya namna gani, abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake. Ni utaratibu wa huruma. Tatizo ni kwamba theluthi hiyo imelindwa dhidi ya makato ya ofisini tu. Dhidi ya Mangi wa duka la kona, kijumbe wa mchezo wetu wa akina mama, dada wa vyombo vya mkopo na simu inayokukumbusha kukopa hata ukiwa usingizini, haina wa kuitetea. Inaingia tarehe ishirini na kitu, na mwezi haujafunga imeshakuwa habari ya kusimuliwa.

Baba Watoto akaitisha kikao. Alikuja na waraka alioandika kwenye karatasi ya mtihani, una vifungu vya namba za Kirumi, na chini ameacha nafasi ya sahihi. Pasi ya umeme marufuku. Jagi la kuchemshia maji marufuku. Friji lizimwe saa tatu usiku. Sukari kijiko kimoja kwa kikombe. Unga uwe dona. Bajaji ya kwenda Msamvu iwe kwa mgonjwa au mwenye mzigo. Mgeni atoe taarifa wiki mbili kabla ya kuja. Alipomaliza kusoma akauliza kama kuna swali. Hakukuwa na swali. Ningekuwa mwalimu, ukimya wa namna ile ungenitisha.

Hoja yake ya umeme ilikuwa na hesabu nzuri. Nyumba yetu iko kwenye kundi la wateja wadogo wa TANESCO, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi wasizidi uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi hapo, uniti inayofuata ni shilingi 350. Kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo kwenye LUKU. Kwa hiyo uniti ya 76 ndiyo adui wa familia, na mwalimu akaanza kuisoma mita asubuhi na jioni.

Bibi akasaidia utekelezaji kwa kutoa pasi ya mkaa uvunguni mwa kitanda chake. Mkaa kwa Morogoro si wa kutafuta kwa tochi. Binti yetu, ambaye hajawahi kuishika pasi ile, akaipepea kwa bidii ndani ya nyumba, cheche ikaruka, na kaunda suti ya baba yake, ile ya kwenda nayo kwenye usaili na misiba mikubwa, ikapata dirisha gotini. Mimi ni fundi cherehani. Niliitia kiraka vizuri, kisha nikampa mwenye suti bili.

Friji ndilo lililotuaibisha kwa majirani. Kifungu kilisema lizimwe saa ngapi, hakikusema nani aliwashe. Ndani mlikuwa na perege wa Bwawa la Mindu, nimewanunua kwa ajili ya Jumapili. Kila mtu aliamka, akalipita friji, akaamini mwenzake ameshaliwasha. Hadi kesho yake jioni perege walikuwa wamejitangaza wenyewe mtaani. Tulipiga hesabu: uniti tulizookoa zisingenunua hata mkia.

Kuhusu sukari, naomba mtuelewe. Mkoa huu una viwanda vya Kilombero na Mtibwa. Mtu wa nje ukimwambia kwamba Morogoro tunagombania sukari atakuona unajidekeza. Lakini mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa, bei ilipaa mpaka serikali ikatangaza bei elekezi, na tangu hapo Baba Watoto anaogopa kopo la sukari kuliko nyoka. Alikuwa akiamka kabla yetu kupima mwenyewe. Anachota kijiko cha chai, anapitisha mgongo wa kisu juu yake kusawazisha, zile punje zinazoanguka mezani anazisukuma kwa ukingo wa karatasi mpaka zinarudi koponi. Kisha kopo analifungia kwenye kabati la nguo zake, ufunguo mfukoni.

Sisimizi hawakusoma waraka. Waliifuata sukari kabatini, wakalipenda kabati, wakahamia kwenye mashati. Nasikia asubuhi moja mstarini mwalimu wa zamu aliukatisha wimbo wa taifa kwa kujikuna mahali ambapo mwalimu wa zamu hajikuni mbele ya wanafunzi.

Bibi naye hakulalamika. Alianza tu kwenda kunywa chai kwa jirani, kila asubuhi, na kitambaa chake kichwani, anarudi amechangamka. Haukupita muda mtoto wa jirani akaja na bakuli: "Shikamoo mama. Bibi alisema tukiishiwa sukari tuje kwenu." Unamjibu nini mtoto huyo? Tulibana kijiko tukadaiwa kilo.

Kifungu cha wageni kilivunjwa na mwenye waraka mwenyewe. Zamani ndugu wa Dar es Salaam walikuja Krismasi, wamechoka na basi, wakishukia Msamvu. Tangu Juni 2024 treni ya mwendokasi ilipoanza kuja Morogoro, na stesheni ikawa huku huku Kihonda, nauli ya daraja la kawaida shilingi 13,000 na safari isiyofika saa mbili, sisi tumekuwa shamba lao la wikiendi. Jumamosi moja wifi yangu akapiga simu akiwa tayari getini, na watoto wake wote. Taarifa ya wiki mbili iko wapi? Nikamtazama kaka mtu. Kaka mtu akatazama banda la kuku, akaingia jikoni, akatoka na kisu. Jumapili wifi aliondoka na ndizi, mchele na kuku mwingine wa njiani. Nauli ya bajaji hadi stesheni ililipwa na mwandishi wa kifungu cha bajaji.

Usiku ule Bibi akazungumza. Mama mkwe hamkaripii mkwewe, kwa hiyo alizungumza na mjukuu, kwa sauti ya kutosha kufika sebuleni.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako sisi wa Matombo tuliwahi kuletewa waraka. Mimi mdogo wakati huo. Mzungu aliona mvua inashusha udongo wa Uluguru mtoni, akasema watu wote wachimbe matuta. Neno lake halikuwa baya, udongo ulikuwa unakwenda kweli. Lakini hakumuuliza mtu. Usipochimba, faini. Ukichimba, unaufukia udongo mzuri, unaufukua mbaya, mahindi yanakuwa ya njano. Mwisho watu wakachoka."

Walichoka kweli. Mradi ule wa serikali ya kikoloni wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru ulianza 1950. Mwaka 1955 watu wakafurika Matombo kuukataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mradi ukafutwa. Baba Watoto, ambaye hufundisha historia, aliusikia mfano huo vizuri kuliko alivyotaka.

Kwao ni Dodoma, ambako baba akikohoa nyumba inatulia. Lakini ameoa Uluguru, ambako ukoo unafuata mama, na neno la mjomba lina kiti chake. Kaka yangu analima kabichi na viazi kule Mgeta. Siku alipopita na gari la mboga, Bibi akamweleza yote, hakuacha hata sisimizi. Kaka akacheka, akanywa chai yenye kijiko kimoja, akaitazama ile chai, kisha akasema:

"Shemeji, Mgeta tunalima kwenye ngazi hadi leo, mlima wote, na hakuna anayetutoza faini. Unajua kwa nini? Kabichi ya kwenye ngazi inauzwa na pesa naila mimi. Hawa wanao wakibana, wanapata nini?"

Swali hilo waraka haukuwa nalo. Watoto walikuwa wanabana, nafuu inakwenda kwa wadai wasiowajua, na wao wanabaki na dona. Kaka akapendekeza mambo mawili. Kila mtu ataje tumizi lake mwenyewe la kupunguza, si la mwenzake. Na kinachookolewa kigawanywe: nusu ilipe madeni ya nyumba, nusu abaki nayo aliyeokoa.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi na cha hatari. Kijana wetu mkubwa alisema ataacha mikeka. Bibi akauliza mikeka gani, mbona kila mtu ana kitanda? Ndipo tulipojua kwamba tulikuwa tunasomesha mtaalamu wa ligi za Ulaya, na kwamba mkeka wake huchanika kila Jumamosi kwa sababu ya timu moja. Binti akasema bando la usiku. Mimi nikasema hotpoti za mkopo, maana zile za awali bado hazijakaribisha mgeni anayestahili. Bibi akatangaza kwamba hatachangia tena harusi ya mtu ambaye alishamchangia ya kwanza. Tukamgeukia Baba Watoto. Akasafisha koo kwa muda mrefu.

Alikuwa na mkopo wa kausha damu. Alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mwalimu mwenzake, na mwenyekiti hawezi kutoa ahadi ndogo kuliko wajumbe, kwa hiyo alikopa 300,000 kwa mkopeshaji mmoja wa mtaani, marejesho 45,000 kila wiki kwa wiki kumi. Binti yetu anasoma mchepuo wa biashara. Hakusema kitu, alichukua kalamu. Wiki kumi mara 45,000 ni 450,000, yaani riba 150,000. Kisha akatufundisha kitu ambacho watu wazima watatu hatukuwahi kukiuliza: tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji wa aina hiyo anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na ukomo wa riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 hiyo ni 10,500. Kwa muda ule wote isingefika 27,000. Leseni ya bwana yule Baba Watoto hakuwahi kuiona, kwa vile ofisi yenyewe ilikuwa meza.

Nikaingia VICOBA nikakopa cha kumalizia deni lile. Riba ya VICOBA nailipa pia, ila wakati wa kuvunja kikundi inarudi kwetu wanachama kwenye mgao. Ile ya mezani ilikuwa inakwenda kujenga nyumba ya mtu mwingine. Binti akateuliwa mweka hazina kwa kauli moja, maana ndiye pekee ambaye hakuwa anadaiwa na mtu. Akatundika daftari ukutani sebuleni. Mali bila daftari huisha bila habari, na sasa habari zote ziko wazi: mgeni akikaa kusubiri chai anasoma nani ametumia nini.

Sitawadanganya kwamba tumekuwa watakatifu. Uniti ya 76 huwa inatutembelea. Kijana ameacha mikeka ya Ulaya, nina wasiwasi na ya Simba na Yanga. Wifi bado anakuja, ila sasa anakuta jina lake kwenye daftari, safu ya "Wageni", na safari iliyopita alikuja na kilo mbili za sukari bila kuambiwa. Pasi ya umeme imerudi, mara moja kwa wiki, nguo zote kwa mpigo, kwa pendekezo la binti mwenyewe, kwa kuwa nusu ya nafuu ni yake. Kijiko kimoja cha sukari ndicho kimepita bila mjadala. Ukimwambia mtu kwamba kijiko cha pili anakinunua yeye, kumbe hakikuwa na utamu huo.

Aliyeumia ni Mangi. Siku moja alinisimamisha nikipita na kapu, uso umemwanguka. "Mama, nimewakosea nini? Siku hizi sioni mtu wenu akija kuandikisha. Mmehamia kwa yule wa juu?" Nikamwambia hapana, tunanunua taslimu. Hakuamini. Nikaingia dukani kumtuliza, nikachukua sabuni ya 1,500, nikampa noti ya 10,000. Akapekua droo, akapekua mfuko wa koti, akatuma mtoto kwa muuza chipsi. Chenji haikupatikana.

Nikamwomba daftari lake, lile lile refu la madeni. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika: Mangi, 8,500. Nikampa kalamu atie sahihi.